Kuchangisha fedha na kuhudumia jamii: mwongozo kwa msimamizi wa hisani wa tawi la fraterniti

Umeingia chuo Marekani, umejiunga na fraterniti, na sasa wenzako wamekuchagua uwe msimamizi wa hisani wa tawi. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hupewa kazi hii kwa urahisi, maana kuchangishana tumekulia ndani yake: harusi, msiba, ada ya mtoto wa jirani, nauli ya mgonjwa anayepelekwa India. Uzoefu huo utakufaa sana. Tofauti ni kwamba huku unawaomba watu wasiokujua, kwa ajili ya watu ambao pengine hutawaona kamwe, na chini ya sheria ambazo kamati ya harusi haijawahi kuzifikiria.

Kwa asiyezifahamu, fraterniti ni chama cha udugu cha wanafunzi, kwa kawaida wa kiume, kinachojiita kwa herufi za Kigiriki. Kila chuo kina tawi lake, na matawi yote yako chini ya makao makuu ya taifa. Karibu kila fraterniti ina shirika la hisani inaloliunga mkono nchi nzima. Tau Kappa Epsilon huchangia hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis, iliyofunguliwa mwaka 1962 na mchekeshaji Danny Thomas, mwanachama wao, ambako familia ya mtoto mgonjwa haipelekewi bili ya matibabu. Lambda Chi Alpha hukusanya chakula. Alpha Phi Omega, iliyoanzishwa mwaka 1925 katika chuo cha Lafayette, Pennsylvania, yenyewe huduma ndiyo sababu ya kuwepo kwake, na hupokea wanaume kwa wanawake.

Hatua ya 1: Mtafute anayesaidiwa kabla ya kutafuta tukio

Matawi mengi huanza na swali, "Mwaka huu tufanye mashindano ya mpira au tupike?" Jina la shirika litakalopokea fedha huja mwisho, kama anwani kwenye bahasha. Wewe anza upande wa pili. Chagua shirika moja, nenda ofisini kwao kwa miguu yako, uulize mambo matatu: mnahitaji nini muhula huu, mna kitu gani tele ambacho hamtaki tena, na nani kwenu atakuwa mtu wetu wa kuwasiliana naye? Swali la pili ndilo litakalokuokoa. Makazi ya wasio na nyumba yanaweza kuwa na chumba kimejaa makoti hadi darini, wakati soksi na nguo za ndani mpya hakuna, kwa kuwa watu hawafikirii kutoa vitu hivyo.

Hakikisha shirika lenyewe ni halali. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ina ukurasa wa bure wa kutafuta mashirika ya hisani kwa jina au kwa namba ya kodi. Mashirika mengi pia huwajibika kuwasilisha Fomu 990 kila mwaka, na fomu hiyo iko wazi kwa yeyote kusoma: utaona mapato, mishahara ya wakuu, na kiasi kilichokwenda kwenye kazi yenyewe. Isome pamoja na mweka hazina wenu.

Ikiwa makao makuu yana shirika la taifa, waulize mnatakiwa kupeleka kiasi gani huko na mna uhuru gani kwa kilichobaki. Ushauri wangu ni kuwa na mawili: lile la taifa, na moja lililo karibu kiasi kwamba mnaweza kufika kila wiki. Fedha bila kuonana na watu huwachosha wanachama haraka. Pi Kappa Phi walilielewa hili mapema. Mwaka 1977 walianzisha shirika lao la kuhudumia watu wenye ulemavu, na tangu 1988 wanachama wao wamekuwa wakiendesha baiskeli kuvuka bara zima hadi Washington, D.C., wakichangisha njiani. Safari yao imepangwa hivi: baada ya siku nzima juu ya baiskeli wanasimama katika miji kukaa na watu wenye ulemavu, wanacheza nao, wanakula nao. Kijana aliyemaliza safari ile anajua fedha zile ni za nani.

Hatua ya 2: Jua tawi lenu ni nini mbele ya sheria

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tawi la fraterniti kwa kawaida linatambuliwa kama klabu ya kijamii, chini ya kifungu cha 501(c)(7) cha sheria ya kodi. Shirika la hisani liko chini ya 501(c)(3). Anayetoa kwa shirika la hisani anaweza kupunguziwa kodi; anayetoa kwa klabu ya kijamii hapunguziwi, hata kama klabu ina nia njema kiasi gani. Kwa hiyo usimwambie mtoaji kamwe kwamba mchango wake "unakatwa kodi" wakati hundi imeandikwa jina la tawi.

Omba pia ruhusa ya maandishi ya kutumia jina na nembo ya shirika. Mengi yana fomu fupi kwa makundi ya nje yanayotaka kuyachangishia. Jimbo lenu nalo linaweza kutaka usajili kabla ya kuomba umma fedha. Ofisi ya chuo inayosimamia fraterniti inayajua haya. Nenda huko mwezi mmoja kabla.

Hatua ya 3: Fedha zisipite mkononi mwako

Kwetu mtunza hazina hupokea michango kwenye simu yake, halafu anabandika orodha kwenye kundi: fulani elfu hamsini, fulani ahadi. Orodha hiyo ni desturi nzuri, ihamishe nayo Marekani, kwa sharti kwamba anayetaka jina lake lisionekane aheshimiwe. Kinachotakiwa kubaki nyumbani ni simu ya mtu mmoja kuwa benki. Usipokee mchango kwenye akaunti yako binafsi ya Venmo, Cash App au Zelle, njia za huku za kutumiana pesa kwa simu, hata kwa siku moja, hata kama kila mtu anakuamini. Fedha zikishachanganyika na zako huwezi tena kumthibitishia mtu chochote.

Njia safi kuliko zote ni ukurasa wa kuchangia wa shirika lenyewe. Mashirika makubwa huwatengenezea wachangishaji kurasa zenye jina la tawi; mtoaji analipa kwa kadi, fedha zinaingia kwao moja kwa moja, na risiti inatoka kwao. Tawi halishiki senti. Panapolazimika pesa taslimu, kwa mfano mlangoni, weka watu wawili kwenye sanduku tangu mwanzo hadi mwisho. Mkifunga, hesabuni wote wawili, kila mmoja peke yake, andikeni jumla kwenye karatasi moja, wekeni sahihi, fungeni bahasha kwa gundi, na mweka hazina aipeleke benki siku ya kazi inayofuata. Wawili hao wasiwe marafiki wa chumba kimoja.

Kuna kanuni mbili za risiti za kukumbuka. Mtoaji wa dola 250 au zaidi anahitaji barua ya shirika ili adai punguzo la kodi. Na mtu akilipa zaidi ya dola 75 akapata kitu, tuseme tikiti ya dola 100 yenye chakula cha thamani ya dola 40, shirika linapaswa kumwambia kwamba mchango wake halisi ni dola 60.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya tukio kwenye karatasi kabla ya kulitangaza

Chukua mfano wa usiku wa panikeki, ndugu wa chapati za maji, ambao matawi mengi hupenda kuufanya wiki ya mitihani. Tuseme mnauza tikiti 300 kwa dola 5: dola 1,500. Unga, mayai, maziwa, sharubati na soseji dola 450. Sahani na vikombe 90. Kibali cha muda cha kuuza chakula kutoka idara ya afya ya kaunti 75. Mabango 60. Halafu mtu anasema kwenye kikao, "Lazima tuwe na fulana." Fulana 60 kwa dola 12 ni 720. Jumla ya gharama ni dola 1,395, na shirika linapata 105.

Toa fulana, linapata 825. Mshawishi mwenye duka la vyakula atoe unga, mayai na vinginevyo, linapata 1,275. Watu ni wale wale, usiku ni ule ule, jasho ni lile lile. Ndiyo maana kikao cha bajeti kina uzito kuliko kikao cha mapambo. Anayetaka fulana aagize na kulipa mwenyewe.

Vibali usivipuuze. Bahati nasibu, ile ya kuuza tikiti na kuvuta jina la mshindi, katika majimbo mengi huhesabiwa kuwa kamari na inahitaji leseni. Utah hairuhusu kuuza tikiti hizo hata kwa hisani. Kuosha magari kunaonekana jambo jepesi, lakini miji mingi inakataza maji ya sabuni kuingia kwenye mifereji ya mvua, kwa kuwa yanakwenda mtoni bila kusafishwa. Ombeni kituo cha kuoshea magari kiwauzie kuponi za kuuza tena.

Pombe iwe mbali na tukio la hisani, moja kwa moja. Bima na kanuni za makao makuu zitawabana, na shirika la watoto wagonjwa halistahili jina lake kuwekwa kwenye karamu ya bia. Vilevile achaneni na mashindano yanayowapanga wanafunzi wa kike wapigiwe kura za sura. Yapo bado katika baadhi ya vyuo, yanaleta fedha, na yanadhalilisha. Kuna njia nyingine za kupata dola hizo.

Mkitaka kuona ukubwa ambao jambo hili linaweza kufikia, tazameni chuo cha Penn State. Mwaka 1973 baraza la fraterniti pale lilianzisha dansi ya kushindana kukesha, wakapata zaidi kidogo ya dola 2,000. Tangu 1977 fedha zinakwenda kwa Four Diamonds, mfuko unaosaidia familia za watoto wenye saratani katika hospitali ya Hershey. Wachezaji husimama saa 46 bila kulala wala kuketi, na mwaka 2025 walivuka dola milioni 17. Siri yao haimo kwenye saa 46. Imo kwenye miezi yote iliyotangulia, na katika familia zilizounganishwa na vikundi vya wanafunzi, kiasi kwamba mwanafunzi anajua mtoto yule leo anatibiwa wapi.

Hatua ya 5: Omba ana kwa ana, na taja kiasi

Bango halichangishi. Mtu ndiye huchangisha. Kila mwanachama aandike majina ya watu ishirini anaoweza kuwaomba mwenyewe: wazazi, mwalimu wa sekondari, bosi wa kazi ya likizo, shangazi. Ujumbe uwe mfupi na uwe na kiasi: "Shangazi, shikamoo. Tunachangia hospitali ya watoto, naomba unisaidie dola 25 kabla ya Ijumaa. Kiungo hiki ni cha hospitali yenyewe." Kusema "chochote ulicho nacho" kunamwacha mtu akiwaza, na anayewaza huahirisha. Usiseme dola 25 zinanunua dawa fulani isipokuwa shirika lenyewe limekupa takwimu hiyo.

Kwa wenye maduka na migahawa, nenda kati ya saa nane na saa kumi mchana, wakati wateja wamepungua. Muulize mwenyewe, usimwachie barua mhudumu. Na omba bidhaa kabla ya fedha, maana unga ni rahisi kwake kuutoa kuliko hundi. Zile jioni ambazo mgahawa unatoa asilimia ya mauzo zina faida ndogo. Zifanye kama mnapenda kula pale.

Wanachama waliohitimu ni hazina inayosahaulika. Katika fraterniti za Weusi, kama Alpha Phi Alpha iliyoanzia chuo cha Cornell mwaka 1906, uanachama ni wa maisha na matawi ya waliohitimu hufanya kazi kubwa. Martin Luther King alikuwa mmoja wao. Bunge lilipoidhinisha mnara wa kumbukumbu yake Washington mwaka 1996, ni Alpha walioanzisha taasisi ya kuchangisha, na mnara ukazinduliwa mwaka 2011. Waliohitimu wanajua kungoja namna hiyo. Waandikieni mara mbili kwa mwaka hata kama hamwombi kitu. Na muulize kila anayetoa kama mwajiri wake huongeza mchango sawa na wake. Makampuni mengi hufanya hivyo kwa fomu ya dakika chache.

Hatua ya 6: Huduma iwe ya kila wiki, na watu wale wale

Siku moja ya kuokota taka, picha ikapigwa mbele ya mifuko, ni kitu, lakini ni kitu kidogo. Wanaopokea huduma wanataka sura wanayoizoea. Watu wanne wanaofika kila Jumanne saa kumi na moja jioni kusaidia watoto kazi za shule wana thamani kuliko arobaini wanaokuja Aprili mara moja. Panga zamu kwa muhula mzima, na kila zamu iwe na kiongozi mwenye namba ya simu ya mwenyeji.

Kazi na watoto ina masharti. Kila anayekwenda akaguliwe rekodi yake, na shirika litaeleza utaratibu. Mtu mmoja asikae peke yake na mtoto asipoonekana. Mlango wazi, watu wazima wawili. Usipige picha ya mtoto bila idhini ya mzazi iliyoandikwa.

Benki ya chakula, yaani ghala linalokusanya chakula kwa ajili ya wenye shida, ni mahali pazuri pa kuanzia. Utapewa meza, glavu na mlima wa makopo. Kopo lililobonyea kwenye mshono, lililovimba au lenye kutu nzito hutupwa. Lililobonyea ubavuni kidogo kwa kawaida linafaa. Tarehe kwenye kopo mara nyingi inahusu ladha tu, na benki ina mwongozo wake wa muda wa ziada, lakini maziwa ya unga ya watoto wachanga yakipitwa na tarehe hayatolewi, kwa kuwa sheria ya taifa imeyawekea tarehe ya lazima. Na mkiwa mnachagua kati ya kukusanya makopo na kuchangisha fedha, changisheni fedha: benki hununua kwa jumla, kwa bei ambayo wewe dukani hupati.

Msomaji wa Kiswahili, una kitu ambacho wenzako hawana. Miji kama Louisville, Columbus na Phoenix imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na kwa familia nyingi Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Piga simu kwa shirika linalowapokea wakimbizi katika mji wenu, waambie unazungumza Kiswahili, na usikilize watakavyofurahi. Kuna mama anayehitaji mtu wa kumfundisha kupanda basi hadi kliniki, baba anayejisomea mtihani wa leseni ya udereva, mtoto wa darasa la nne anayerudi na karatasi za shule ambazo hakuna nyumbani anayezisoma. Mwamkie mzee shikamoo kabla ya kufungua kitabu. Ila usitafsiri mbele ya daktari au mahakamani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kisheria kuleta mkalimani aliyefunzwa bila malipo. Kazi yako ni kumsaidia mgonjwa amdai. Msimu wa kodi kuna pia VITA, mpango wa IRS unaowafunza wa kujitolea na kuwapa mtihani ili wajaze fomu za kodi za watu wa kipato cha chini. Mwanafunzi wa uhasibu ajiunge.

Mambo matatu kwa mwanafunzi mwenye viza. Kwanza, kujitolea bila malipo kwa shirika la hisani kwa kawaida kunaruhusiwa ukiwa na F-1, viza ya mwanafunzi, lakini usipokee posho wala usishike nafasi ambayo mtu mwingine hulipwa kuifanya. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla. Pili, fraterniti nyingi huandikisha wapiga kura, na baadhi ya majimbo yana masharti juu ya nani anaweza kushika fomu zile. Wewe usiye raia usijaze fomu hiyo kwa jina lako hata kwa kufuata mkumbo, maana kujiandikisha kupiga kura bila uraia kunaweza kukufukuzisha nchini. Tatu, tawi likiandaa siku ya kuchangia damu, aliyekulia kwenye malaria kwa kawaida husubirishwa miaka 3 tangu aondoke huko, na likizo nyumbani huanzisha tena muda wa kusubiri. Kaa kwenye meza ya kuandikisha au ya juisi na biskuti, uwakumbushe waliotoa damu kwamba wanaweza kurudi baada ya siku 56.

Neno kuhusu wanachama wapya: huduma isiwe adhabu wala mtihani wa kuwanyanyasa. Kuwaamsha saa tisa usiku wakasafishe bustani ya kanisa ni unyanyasaji uliovishwa koti la hisani, na tangu sheria ya taifa iliyosainiwa Desemba 2024 vyuo vinatakiwa kutangaza hadharani matukio ya unyanyasaji kwenye vyama vyao. Wanachama wa zamani wakienda bustanini, wapya waende nao, mchana, kwa hiari.

Hatua ya 7: Toa hesabu, shukuru, kabidhi

Ndani ya wiki mbili andika ukurasa mmoja: kilichopatikana, kilichotumika, kilichofika, pamoja na nakala ya risiti ya shirika. Watumie wanachama, waliohitimu, wafadhili wa unga na ofisi ya chuo. Taja gharama bila aibu. Anayeona gharama anaamini jumla. Saa za huduma ziandikwe kwa ukweli, kwa karatasi iliyosainiwa na mwenyeji, kwa sababu makao makuu huzihesabu na kishawishi cha kuzikuza ni kikubwa.

Kadi za shukrani ziandikwe kwa mkono na yule aliyeomba, ndani ya siku saba. Mistari mitatu inatosha.

Mwisho wa mwaka, kabla ya uchaguzi, jaza faili moja kwa atakayekurithi: jina la mtu wenu kwenye kila shirika, nakala za vibali na tarehe za kuviomba, bajeti halisi za kila tukio zikiwemo zilizokula hasara, orodha ya waliotoa na kiasi, ratiba ya zamu za Jumanne. Kisha mpeleke mwenyewe kwa wenyeji, mtambulishe, na mfanye zamu moja pamoja.